Nyayo Ndogo Kando ya Kijito

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ile ya Al Rayyan niliambiwa nisiguse kitu. Aliyeniambia alikuwa Msimamizi wa Walinzi, Mkenya mwenzangu kutoka Bungoma, aliyetutangulia Doha kwa miaka mingi.

"Wewe ni macho tu, Musyoka," alisema akinikabidhi redio na funguo za geti. "Mlinzi mwenye mdomo hamalizi kandarasi."

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimeshavuka arobaini, nimeacha mke na watoto nyumbani kule Mwingi. Nilikuwa nimelinda bohari la saruji mwaka mmoja, na jengo la maduka kule Muaither mwaka wa pili, kwa hiyo maneno ya Msimamizi hayakuwa mageni kwangu. Nilishazoea kuona na kunyamaza.

Wiki haikuisha kabla sijavunja amri hiyo. Kando ya majlisi, ile sebule ya kupokelea wageni, palikuwa na chumba cha vioo, na ndani yake pinde zaidi ya ishirini zimetundikwa ukutani, nyingine za mti mtupu, nyingine za mti, pembe na kano zilizogandishwa pamoja kwa gundi. Mmoja ulikuwa umeachwa na upote wake. Upote ni ile kamba inayovutwa. Upinde ukikaa umefungwa upote siku nyingi, mti huzoea kupinda na nguvu zake hufa. Niliutazama siku tatu kupitia kioo. Siku ya nne niliingia, nikaupitisha mguu ndani yake, nikaupinda juu ya paja kama baba alivyonifundisha, nikaufungua.

Msimamizi alinikuta nikiurudisha ukutani. Aliniandikia barua ya onyo palepale, akanipeleka kwa mwenye nyumba. Huyu alikuwa amestaafu ukurugenzi wa ofisi fulani, lakini kila mtu aliendelea kumwita Mudiri.

"Nani alikufundisha kufungua upinde?" aliniuliza.

"Baba yangu, Mudiri. Alikuwa fundi wa pinde na mwindaji."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

"Na baba yake."

Aliikunja barua ya onyo mara nne, akaitia mfukoni. Mwezi uliofuata nilivua sare ya ulinzi, nikawa mtunza pinde. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na mmoja. Nilipomwambia Mudiri kwamba mwanangu wa kwanza anaitwa Mutua, akaanza kuniita Abu Mutua, na mimi nikafurahi, maana hata kwetu mtu mzima huitwa kwa mtoto wake.

Vijana huniuliza mtunza pinde hufanya nini siku nzima. Hupigana na hewa. Mwezi wa nane Doha hulowa unyevu hadi vioo vinatoka jasho, na kano za upinde hulegea. Ukiwasha kiyoyozi kwa nguvu, hewa hukauka mno na pembe hupasuka. Nilikuwa na kipimo cha unyevu ukutani na mabakuli ya maji niliyoyaongeza na kuyapunguza. Nilizipaka kamba za pinde nta ya nyuki. Nilinyoosha wano, yaani mti wa mshale, kwa kuupasha juu ya moto mdogo na kuukandamiza kwa kidole gumba. Nilibandika manyoya. Nilinoa vyembe, ile midomo ya chuma, mpaka vinyoe nywele za mkono. Na niliwakataza wageni kuuachia upote bila mshale, kwa sababu nguvu isiyo na pa kwenda huupasua upinde wenyewe.

Baada ya sala ya Alasiri, Mudiri na wenzake wawili walipiga shabaha nyuma ya nyumba. Mmoja alikuwa daktari wa meno, msemaji sana. Wa pili alikuwa nahodha wa meli aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Nitawaita Daktari na Nahodha, maana ndivyo nilivyowaita. Walikuwa wameshawinda swala na mbuzi wa milimani katika nchi mbalimbali. Jioni moja Daktari alisema kilichobaki ni dubu.

Tuliondoka Doha mwezi wa tisa, joto likiwa bado la kuchoma viatu, tukashuka kaskazini mwa Kanada ambako asubuhi majani yalikuwa na barafu. Tuliongozwa na Bi Hellen, mjane wa miaka sitini hivi, aliyeirithi kazi hiyo kwa mumewe. Alitupokea kambini kando ya mto, akazipima pinde zetu mkononi moja moja, kisha akatoa masharti.

"Dubu akikuangalia usoni, usipige. Ngoja ageuke ubavu, mguu wa mbele uende mbele, upige nyuma ya bega. Ukishapiga, kaa chini, usimfuate mpaka nikwambie." Akamtazama kila mtu kwa zamu. "Na mama mwenye mtoto haguswi. Ni sheria. Hata isingekuwa sheria, haguswi."

Nahodha aliuliza tutamjuaje mama mwenye mtoto.

"Ardhi itawaambia," alisema Bi Hellen.

Siku tatu hatukuona kitu. Msitu ule haukuwa kama nyika ya kwetu, ambako kila saa ina ndege wake. Misonobari ilisimama karibu karibu, ukungu ukakaa katikati yake tangu asubuhi hadi saa sita, na sauti zilipotea humo. Mtu akikohoa mbele yako, ulimsikia kana kwamba yuko nyuma.

Siku ya nne tuligawanyika. Bi Hellen alikwenda na Nahodha upande wa juu. Mimi nilimfuata Mudiri kwenye kijito, nikiwa nimebeba podo la mishale, na Daktari alikuwa mbali kidogo nyuma yetu. Mudiri alisimama ghafla ukingoni. Nilidhani anasikiliza upepo. Nami nikasimama, nikatazama chini.

Unyayo wa nyuma wa dubu unafanana na wa mtu. Una kisigino na vidole vitano, kama mzee mmoja aliyepita pekupeku katika baridi ile. Zilikuwa nyayo kubwa, zikielekea kwenye vichaka. Na katikati yake, zikikatiza huku na huku kama mtoto anayecheza akimfuata mama yake, zilikuwa nyingine ndogo, si kubwa kuliko kiganja changu. Maji yalikuwa bado yanajaa ndani yake.

Nilizielewa mara moja. Baba yangu angezielewa gizani kwa kupapasa. Neno lilifika kwenye ulimi, na sikulitoa. Sikunyamaza kwa hofu, wala kwa hamu ya nyama. Nilinyamaza kwa mazoea. Mimi nilikuwa mtu wa pinde, na kazi ya nyayo ilikuwa ya Bi Hellen. Mudiri akaendelea mbele, nikamfuata.

Hatua hamsini zaidi, dubu alitoka kwenye kichaka, mweusi, peke yake, akageuka ubavu. Mudiri alivuta. Niliusikia upote, kisha mlio mfupi kama wa kofi juu ya mkoba wa ngozi. Dubu aliruka, akaingia ukunguni.

Tulikaa chini. Bi Hellen na Nahodha walikuja baada ya kama nusu saa, Daktari naye akatufikia. Bi Hellen alipata damu juu ya jani, akainusa. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, yenye povu, maana yake mapafu. Alifungua mdomo atuambie, ndipo sauti ilipotoka vichakani.

Dubu anayekufa huguna. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Ilikuwa sauti ndefu ya mtu mzima, kama mgonjwa anayeomba ageuzwe upande. Ikatoka mara tatu, ikakoma.

"Amekwisha," alisema Bi Hellen. "Tulieni kwanza."

Tukatulia. Kisha mtoto mchanga akaanza kulia.

Sisemi sauti kama ya mtoto. Kila mmoja wetu alikuwa amelea watoto, na kila mmoja aligeuza kichwa kumtafuta mama yake. Kilio kilitoka juu, kwenye miti, lakini ukungu ulikitupa pande zote. Kikawa kulia, kikawa nyuma yetu, kikawa kama kipo begani. Nahodha alianza kusoma Ayatul Kursi polepole.

Bi Hellen alitangulia, tukamkuta dubu amelala kifudifudi. Alimgeuza, akavua glovu, akalibana titi lake kwa vidole viwili. Maziwa yakamtiririkia mkononi. Hakumtazama Mudiri. Alijipangusa kwenye majani, akasema, "Mtafuteni huyo mwingine," nasi tukamtafuta mpaka alasiri, tukiangalia juu ya miti hadi shingo zikakakamaa. Hatukumwona. Tulipokata tamaa na kurudi, kilio kilitufuata. Tulikuwa tukitembea kwa mstari, na kilitembea nasi hadi ukingo wa mto. Tulipovuka, kilinyamaza.

Jioni ile mvua ilinyesha. Kesho yake, afisa wa wanyamapori, aliyepashwa habari na Bi Hellen, alikuja kwa boti. Alimuuliza Mudiri kama aliona dalili yoyote ya mtoto kabla ya kupiga.

"Hapana," alisema Mudiri.

Akanigeukia mimi. "Na wewe? Uliona nyayo?"

"Hapana, bwana," nilisema.

Afisa aliichukua ngozi, akamfungia Bi Hellen leseni kwa kuwa wageni walikuwa chini yake. Yule mama hakujitetea. Alitupakia mizigo yetu kwenye boti, akarudi kambini bila kungoja tuondoke.

Tuliporudi Doha, Mudiri hakupiga shabaha tena. Daktari na Nahodha walikuja mara mbili tatu, wakanywa karaki, ile chai ya maziwa na iliki, wakazungumzia mambo mengine, wakapunguza kuja. Mimi niliendelea na kipimo changu na mabakuli yangu. Na alasiri moja, nikipaka nta, nilikisikia kilio kile kwenye chumba cha pinde. Kilikuwa cha chini sana, kilidumu kama dakika moja, kikatoka upande wa zile pinde za pembe.

Nilijiambia ni gundi. Pinde za pembe hulia hewa ikibadilika, fundi yeyote atakwambia. Nilizima kiyoyozi, nikawasha, nikasogeza mabakuli. Kesho yake alasiri kikarudi. Mudiri naye alianza kuja chumbani saa hizo hizo, akaketi kwenye kiti kimoja, akitazama ukuta. Sikumuuliza, naye hakuniambia. Ikawa hivyo miezi mingi.

Aliyesema alikuwa mpishi wetu, Bi Mwanaidi wa Tanga, ambaye hakuwahi kuambiwa habari za safari ile. Alikuja mlangoni na sinia la chai, akasimama.

"Kaka Musyoka, samahani. Kuna mgeni kaja na mtoto?"

"Hakuna mgeni, dada."

"Basi huyo anayelia humo ndani nani?"

Mudiri alikuwa kwenye kiti chake. Alinyoosha mkono akapokea sinia mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamwambia aende akapumzike. Mlango ulipofungwa, nilijua siwezi kutoka chumbani bila kusema.

"Mudiri, pale kijitoni niliona nyayo za mtoto."

Hakugeuka. "Mbichi?"

"Mbichi. Maji yalikuwa bado yanajaa."

"Ndiyo," alisema. "Yalikuwa yanajaa."

Ilinichukua muda kumwelewa.

"Ulikuwa umesimama nyuma yangu," aliendelea. "Nikajiambia, Abu Mutua ni mwana wa mwindaji, kama kuna kitu atasema. Hukusema. Nikaifanya hiyo kuwa ruhusa."

"Na mimi nilikungoja wewe, Mudiri."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Chai ikapoa kati yetu. Kilio hakikuwa kimekoma wakati tukizungumza, na ndipo nilipoona kwamba kichwa chake kilikuwa kimeinamia upande uleule kilikoinamia changu.

Siku hiyo hiyo tuliandika barua kwa ofisi ya yule afisa, na nakala kwa Bi Hellen. Mudiri alitaja aliyoyaona na alipodanganya, akatia sahihi. Mimi niliandika yangu chini yake, kwa mwandiko wangu. Jibu la Bi Hellen lilifika baada ya miezi, ukurasa mmoja. Mudiri alinipa nisome mwenyewe. Aliandika hivi:

"Mmechelewa kuandika. Jioni ile, kabla ya mvua, nilirudi kijitoni. Niliona nyayo za mama, na za mtoto, na za viatu vyenu. Jozi mbili, zimesimama kando ya zile ndogo, ncha za viatu zikizielekea. Kisha zikaenda mbele. Afisa alipofika, mvua ilikuwa imezifuta, na lingekuwa neno langu peke yangu. Leseni nimerudishiwa. Mtoto sikumpata, wala mzoga wake sikuuona."

Mudiri aliiweka barua ile mahali ambapo mimi sikupajua. Kilio kilipungua, kisha kikakoma. Wiki ile ile mafundi walikuwa wamekuja kubadilisha kiyoyozi, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwa uhakika kilichokikomesha. Kila mtu na aamini lake.

Nilistaafu miaka michache baadaye, magoti yakiwa yamechoka. Ijumaa yangu ya mwisho, kikundi chetu cha Wakenya pale kanisani Mesaimeer kilinisimamisha niwape vijana maneno ya kuagana. Walitarajia niwashauri juu ya uvumilivu na nidhamu, maana ndiyo maneno ya wastaafu. Nidhamu ninaiheshimu. Imenisomeshea watoto. Lakini niliona nikisema hivyo tu nitakuwa nimenyamaza tena, kwa hiyo niliwaeleza haya niliyoyaandika hapa, pamoja na jina la Bi Hellen na uongo wangu mbele ya afisa. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alianzisha wimbo, watu wakaanza kupakua chakula.

Nikiwa natafuta koti langu, dada mmoja alinijia. Alikuwa bado na suruali na viatu vya ulinzi, ametoka zamu. Alihakikisha hakuna aliye karibu.

"Mzee, mimi pia kuna kitu nimeona kazini," alisema. "Hata sijui nianzie wapi."

Nililiweka koti chini, nikavuta viti viwili.