Mwandishi wa Nukta Aliyeamriwa Kuzifuta

Saa moja na robo asubuhi, mama huyu ameshaketi. Mbele yake ipo mashine ya chuma yenye vitufe sita na kimoja kirefu cha kuachia nafasi. Kushoto kwake kitabu cha jiografia kimefunguliwa na kubanwa kwa kopo la gundi kisijifunge. Anasoma sentensi kwa macho, anaiandika kwa vidole. Mstari ukikaribia mwisho, kengele ndogo inalia ndani ya mashine, naye anaanza mstari mwingine.

"Leo ni mito na maziwa," anasema bila kuinua kichwa. "Maneno hayanisumbui. Ramani ndiyo inayonitoa jasho, maana mito naichora kwa uzi na gundi."

Kazi yake ni kuandika vitabu kwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo asiyeona huyasoma kwa ncha za vidole. Shule ina watoto tisini na wanne wasioona, na mwandishi ni yeye peke yake. Akishikwa na mafua, darasa linakaa bila kitabu. Ana umri wa miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye kiti hiki. Watoto wanamwita Mama Nukta, nasi tumwite hivyo.

Vidole vyake vya pete vimepinda, mkono wa kulia na wa kushoto. "Daktari aliniambia nivipumzishe," anasema. "Nikamuuliza, ataandika nani? Akaniandikia dawa ya kuchua." Mshahara wake unaishia kwenye kodi ya vyumba viwili na dawa hiyo. Kinachobaki, kwa maneno yake, hakijazi kiganja.

Hata hivyo anapenda utani. "Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Hapa mwenye macho anaambiwa andika."

Nyuma yake rafu imejaa juzuu za karatasi nene hadi dari, zaidi ya mia tatu. Kwenye safu ya tatu pana pengo lenye upana wa mikono miwili. Nilipouliza kulikuwa na nini hapo, aliacha kuandika. Alikunywa maji, akafunga mlango.

Maktaba ya shule, alinieleza, ilikuwa na vitabu vya masomo, kitabu kitakatifu katika juzuu makumi kadhaa, na hadithi fupi tatu za wanyama zilizosomwa mpaka nukta zake zikalala. Basi. Mtoto aliyetaka kusoma kwa raha alirudia hadithi ya sungura mara ya arobaini.

Ndipo mgeni mmoja aliyepita shuleni alipoacha kitabu cha watoto, cha maandishi ya kawaida, kurasa mia mbili na sitini. Kwa walivyonieleza wanafunzi, kilimhusu binti wa mchonga mawe aliyefundishwa na bibi yake maneno ya kunong'oneza mawe yakasogea. Tajiri mmoja mwenye tamaa akamtumbukiza binti huyo katika kisima kikavu kilichojengwa kwa mbao tupu, kusudi asipate jiwe la kumsikia.

Mama Nukta alikisoma kwa siku moja. Kesho yake, saa kumi jioni, masomo yalipokwisha, alianza kukiandika. Kurasa tano za nukta kila jioni, baada ya kazi; ukurasa mmoja wa kawaida huzaa karibu nne za nukta. Kitabu kile kingetoa juzuu kumi. Hakuomba ruhusa ya mtu.

"Hapo nilikosa, nakiri," anasema. "Ila ningeomba, ningekuwa bado naomba mpaka leo."

Kila juzuu ilipitiwa kwanza na mwalimu asiyeona ambaye wanafunzi walimpachika jina Mwalimu Koma, kwa kuwa hakuna koma inayomponyoka. Kisha ikaingia bwenini, na huko haikupata usingizi. Wasichana waliisoma kwa zamu, wengine chini ya blanketi, maana vidole havihitaji taa. Baada ya miezi minane zilikuwa zimekamilika juzuu nane. Ya nane iliishia binti akiwa kisimani.

Aliyesoma kwa uchu kuliko wote alikuwa msichana wa darasa la sita ambaye wenzake humwita Swali, kwa sababu hamalizi dakika bila kuuliza. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwenye kope na kwenye paji la uso ana chale, mistari midogo iliyopangwa vizuri. Macho yalipoanza kumuuma akiwa na miaka minne, ndugu walimzungusha kwa waganga kwa miaka miwili. Alipofikishwa hospitali hakukuwa na kitu cha kuokoa.

Balaa lilianza na ukuta. Mlezi wa bweni aliwakuta wasichana sita wameweka viganja ukutani, wakinong'ona wote kwa pamoja. Aliwauliza wanafanya nini. Wakamjibu kwamba wanaujaribu kama unasogea. Siku tatu baadaye mtoto mmoja wa darasa la kwanza alianguka kwa degedege. Hospitali waligundua ni malaria na mtoto akapona, lakini habari ilikuwa imeshafika kwa wazazi na imeshaota pembe: shuleni watoto wanafundishwa uchawi, na mmoja nusura afe.

Kanisa linalofadhili shule likaitisha kamati. Mwenyekiti ni mchungaji, na hapa msomaji asikimbilie kumchukia. Ndiye aliyemzika mume wa Mama Nukta bila kupokea hata nauli. Ndiye aliyepanda mwenyewe kwenye paa la bweni na nyundo mkononi mvua ilipolibomoa. Nilimfuata ofisini kwake, akanijibu bila kuzunguka.

"Dada yangu alikufa ana miaka tisa," alisema. "Homa ya siku tatu. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Baba akampeleka kwa mganga, akanuiziwa mpaka akakata roho, mimi nimeshika miguu yake. Wapo watu ambao uchawi kwao ni mchezo wa vitabuni. Mimi najua kaburi lake lilipo. Nusu ya watoto hawa wamekuja hapa na chale mwilini. Niwape kitabu kinachomsifu bibi mwenye maneno ya siri? Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Nilikuwa nimekwenda na maswali yangu tayari. Niliuliza machache tu.

Siku ya kamati, wajumbe sita walisimama mbele ya rafu hii kuitafuta hadithi ya mawe. Hapo wakakwama. Juzuu zote zina jalada lilelile la kaki, na ndani ni vinundu vyeupe mwanzo hadi mwisho. Katika wajumbe sita hakuna aliyewahi kujifunza kusoma hata herufi moja ya maandishi ya shule anayoiongoza.

Mjumbe mmoja hakutaka kuonekana mjinga. Alichomoa juzuu moja, akaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akasema hii hapa, hata ukiigusa tu unasikia kwamba si ya Mungu. Mwalimu Koma, aliyekuwapo pale, akaipapasa mstari wa kwanza.

"Zaburi," akasema.

Wakamtaka Mwalimu Koma awaonyeshe yeye. Akapuliza viganja vyake. "Samahanini wazee wangu, vidole vimepigwa na baridi. Leo havisomi." Jua lilikuwa linawaka.

Basi wote wakamgeukia Mama Nukta.

Alikuwa na nafasi ya kudanganya, na analijua hilo kuliko yeyote. Angetoa juzuu nane za kanuni za hesabu, zikaenda zake, na watu sita wangerudi nyumbani wameridhika. Alinyoosha mkono akazitoa nane zenyewe, moja baada ya nyingine, akaziweka mezani.

Nilimuuliza kwa nini.

"Watoto hawa maisha yao yote wanategemea mtu mwenye macho awaambie ukweli wa kilichopo," alisema. "Hela hii ni ya ngapi. Barua hii inasema nini. Chakula hiki kina nzi au hakina. Siku nitakapoanza kusema uongo kuhusu kilichoandikwa, hata kwa wema, sitakuwa na kazi tena. Nitakuwa na kiti tu."

Mchungaji alimshika bega siku ile. "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, dada yangu."

Mwalimu Koma alingoja mpaka wageni waondoke. "Mpenzi wa Mungu, sawa," akamwambia. "Bwenini je, wewe ni nani?"

Wengi walidhani vitabu vitachomwa. Kamati ilikuwa na mawazo mengine. Karatasi hizi nene ni ghali na hupatikana kwa taabu, kwa hiyo iliamuliwa nukta zilazwe, karatasi zikatumike kufunikia madaftari. Na nani alijua kuzilaza bila kuchana karatasi? Mwenyewe aliyezisimamisha. Akaapishwa pia kwamba, maadamu ni mwajiriwa wa shule, hataiandika hadithi ile wala kuisimulia. Kitabu cha mgeni kikafungiwa kwenye kabati la mchungaji.

Alifanya kazi ile kwa mgongo wa kijiko, ukurasa juu ya meza, mstari kwa mstari. Siku kumi na saba. Darasa la pili liko nyuma ya ukuta wa chumba hiki, na watoto walisikia kijiko kikisugua asubuhi hadi jioni.

Siku ya tisa Swali alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Unafuta ya ngapi?"

"Marahaba. Ya tano."

"Ya tano ndiyo yenye bibi." Akagusa kope zake. "Mama, mganga alinikata. Yule bibi wa kwenye kitabu hakumkata mtu."

"Najua, mwanangu."

"Na kamati wanajua?"

"Hawakuuliza."

"Alitoka kisimani?"

Mama Nukta alimwambia ameapa. Msichana akageuka, akaenda zake akipapasa ukuta, na kwa miezi kadhaa hakumuuliza kitu tena. Wengine nao wakapoa. Bado wanamsalimu. "Shikamoo yao ni ya adabu," anasema. "Zamani ilikuwa ya mapenzi."

Kazi ilipokwisha, kamati ilitaka uthibitisho, ikampa Mwalimu Koma juzuu zote azikague. Alipitisha vidole juu ya kurasa thelathini, polepole, kisha akazisukuma.

"Hakuna mtu humu," akasema.

"Nilifuta vizuri," anasema Mama Nukta. "Sijui kufanya kazi nusu nusu. Naumia, lakini sijui."

Alipomwendea mchungaji kumsihi akisome kitabu chote kabla ya kukihukumu, alikuta keshakisoma, kwa siku mbili. "Ni kizuri sana," alimwambia. "Hicho ndicho kinachonitisha." Kwa hiyo shuleni wapo watu wawili wanaoujua mwisho wa hadithi ile, na wote wawili wamefunga midomo.

Sasa Swali yuko darasa la saba. Amebakiza miezi minne afanye mtihani na kurudi kwao, mwendo wa siku nzima kwa basi, ambako hakuna kitabu hata kimoja cha nukta. Mama Nukta amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Hesabu hiyo haihitaji mashine: kiapo kitamalizika msichana akiwa ameshaondoka.

Mwezi uliopita aliandika barua ya kuomba kuacha kazi mapema. Angepoteza sehemu kubwa ya kiinua mgongo, lakini angekuwa huru. Kabla ya kuipeleka alimwita Swali, akamkalisha kwenye kiti hiki, akamwambia: Ijumaa ijayo nitakuwa si mfanyakazi wa mtu, nitakusimulia juzuu zote mbili zilizobaki.

Alitegemea kukumbatiwa. Msichana aliuliza swali, kama kawaida yake.

"Ukiondoka, nani atatuandikia majaribio ya mtihani?"

"Watatafuta mtu."

"Walitafuta ulipougua. Tulikaa wiki sita. Na wadogo je, wa darasa la kwanza?"

Mama Nukta akavichua vidole vyake.

"Basi mwache humo kisimani, mama," Swali akasema. "Wewe baki."

Barua haikupelekwa. Ipo kwenye mtoto wa meza, chini ya chupa ya dawa ya kuchua. Ananionyesha, anaifunika tena, anafuta macho kwa ukingo wa kanga, anavuta karatasi mpya.

Anao mpango mmoja tu, na ameupanga mpaka kituo cha basi. Atakaa miezi yake kumi na minne. Atawaandikia darasa la saba majaribio yote, atawamalizia wadogo jiografia, ataagwa, atapewa zawadi ya kuagwa. Kesho yake asubuhi atapanda basi aende kwao Swali, akamkalishe chini amsimulie, neno kwa neno, maana juzuu zile mbili ambazo hakuziandika alizikariri zote kabla kitabu hakijafungiwa.

"Sina wasiwasi wa safari wala wa nauli," anasema, vidole vyake vilivyopinda vikirudi kwenye vitufe. "Naogopa kitu kimoja. Nifike, nimkute ni mkubwa, ana ndoo kichwani, nimwambie nimekuja kukueleza kama yule binti alitoka. Na yeye aniulize, binti gani?"