Dundu Walijua Nani Kala Samaki

Masika yakianza, ukingo wa msitu huku Kakuyuni hunuka mavi ya ndovu, harufu ya majani yaliyochacha, na sisi wasichana wanne waokota kuni tuliipenda. Ndio wakati dundu weusi, wale wadudu wala mavi, walipotoka ardhini. Shule sikwenda, lakini nilijua wanavyochagua: mavi ya ndovu, hata yawe kilima, waliyaacha mwisho, ya nyani waliyakimbilia, ya mtu waliyafuata kutoka mbali, wakivuma kama nyuki. Tukatunga mchezo. Kila mmoja alijisaidia juu ya jani lake, majani yakapangwa mstari, na ambaye dundu walimfikia mwisho alibeba kuni za wote. Dundu hasitiri mtu: ya aliyelalia kitoweo huyaendea kwanza, ya aliyelalia majani huyaacha. Baba yangu alikuwa na duka, nilikula papa kila jioni, nikashinda. Kadzo, yatima aliyelelewa na mke wa mjomba wake, alilalia mchunga mtupu, ile mboga chungu ya porini, akabeba kuni mpaka shingo ikapinda. "Hata wala mavi wanakukataa, weye!" nilimwambia, wenzangu wakacheka hadi kukaa chini.

Asubuhi moja, papa wakiwa wameisha dukani kwetu, dundu waliliruka jani langu wakaliangukia la Kadzo, wakisukumana kwa pembe; langu wakalifikia mwisho. Akanitazama, meno yote nje. "Leo utabeba weye, Sidi." Nikachukua kijiti, nikachokoa, nikaona miiba ya samaki. Mwenye njaa hana miiko, wala sikuhitaji kufundishwa hilo. Kuni nilizibeba, ila nilipitia kwanza kwa mke wa mjomba wake. "Shikamoo, mama. Chungu chako cha samaki umekichungulia?" Alimshika Kadzo mkono wa kulia, akaukandamiza kwenye makaa ya mafigani. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza.

Siku hizi wajukuu wangu wote wana shibe, na kila nyumba ina choo chenye mlango; nani kalala na njaa, hakuna mdudu wa kukwambia. Mmoja wao amesomea wadudu hao hao. Huwatega kwa vikopo, akaja kunieleza wanapenda mavi gani. Nikamwambia, "Hilo nalijua tangu sijaota matiti, mwanangu." Kadzo sikumtaja. Yu hai. Tukikutana matangani naviona vile vidole vyake vilivyogandana, lakini kikombe cha chai hukishika navyo barabara. Nikimnyooshea mkono, hunipa wa kushoto, ule wa kuchambia, mbele za watu wote. Naupokea.