Lori la Theluji Nyuma ya Gwaride

Mwaka jana tulifika kwenye gwaride la watoto wakati wanaume wawili walikuwa wakikunja kamba iliyozuia watu kando ya njia. Binti yangu Pendo, aliyekuwa na miaka minne na masikio ya sungura ya kitambaa, alilia kutoka lango la bustani ya michezo hadi nyumbani kwetu Blaine, Minnesota, huku Marekani, mwendo wa dakika hamsini, bila kupumzika hata tuliposimama kununua chipsi. Ndipo nikaahidi kwamba mwaka unaofuata tungewahi. Mtu anayeahidi huku kiti chake kikipigwa mateke kwa nyuma hasomi masharti. Niliyasoma baadaye: gwaride ni la watoto wasiozidi miaka mitano, hufanyika mara moja tu, saa nane mchana, Jumamosi ya mwisho kabla bustani haijafungwa kwa sababu ya baridi. Pendo anatimiza sita Januari. Ilikuwa mwaka huu au basi.

Kwa walio nyumbani ambao hawajaiona Halowini: ni siku za mwisho wa Oktoba ambapo watu wazima wenye kazi nzuri hutundika mifupa ya plastiki kwenye miti yao, na watoto huvaa kama mizimu na kugawiwa peremende. Bustani za michezo, zile zenye treni za kupanda angani na kukupindua utumbo, huigeuza sherehe ya mwezi mzima. Mchana ni wa watoto. Usiku ni wa watu wanaolipa ili wafukuzwe na maiti.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kisii mwezi wa Agosti kutusaidia na mtoto, aliyasikiliza maelezo haya huku akichambua mboga ya sukuma.

"Kwa hivyo, Baba Pendo, tunampeleka mtoto kwa sherehe ya shetani na tunalipa kiingilio?"

"Mama, mchana hakuna shetani. Mashetani wanaingia saa moja jioni."

"Wako na shifti?"

"Wako na shifti."

Akarudi kwenye mboga yake. Katika nyumba yetu shifti ni jambo la kuheshimiwa. Mke wangu ni muuguzi katika nyumba ya wazee kule Saint Louis Park, nami ni muuguzi hospitalini, na siku nyingi tunaonana mlangoni tu, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Jumamosi hiyo zamu ilikuwa yake. Bustani ilikuwa yangu.

Pendo hakutaka kuwa mzimu wala sungura tena. Alitaka kuwa lori la theluji, yale malori ya rangi ya chungwa yenye bamba kubwa mbele ambayo hupita barabarani wakati wa baridi yakisukuma theluji pembeni. Mama mkwe alilikagua wazo hilo kwa upande wa imani, akaona halina dosari. Nililitengeneza kwa boksi la televisheni, nikalipaka rangi, nikaliwekea bamba la kadibodi lililofunikwa kwa karatasi ya foili. Tena nililipima Pendo akiwa amevaa jaketi la baridi. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu ndilo jambo la mwisho nililofanya sawasawa.

Saa nne na nusu asubuhi, Blaine. Tuliondoka kwa dakika ileile iliyoandikwa kwenye karatasi niliyoibandika mlangoni mwa friji. Mama mkwe aliomba, akapaka lori mafuta ya zeituni kwenye paji la uso, yaani juu ya taa, kisha tukalilaza ndani ya buti la gari. Pendo aliuliza swali lake la kwanza. Anakielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hivyo yote atakayoyasema hapa nimeyarudisha nyumbani.

"Daddy, wamekunja kamba?"

"Bado. Tuna saa tatu na nusu."

Saa tano kasoro dakika kumi, Brooklyn Center. Hapa tulipaswa kumchukua Mama Sifa na binti yake. Mama Sifa ametoka Uvira, Kongo, tunasali kanisa moja, hana gari, na Sifa yake na Pendo wangu ni darasa moja la Jumapili. Nilikuwa nimemwambia nitampitia saa tatu. Sikuwa na nia yoyote ya kumpitia saa tatu. Nimehudhuria harusi za watu wetu huku Minnesota, na najua ukitaka mtu awe tayari saa tano, unamwambia saa tatu.

Alifungua mlango akiwa amejifunga khanga, na nyuma yake maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatokota.

"Baba Pendo! Mumefika mapema!"

"Mama Sifa, nilisema saa tatu."

"Ndiyo, ulisema saa tatu. Mukenya akisema saa tatu, anakuya saa tano. Anakula, anapumuzika, saa sita na nusu tunaenda. Nilihesabu muzuri."

Nilisimama pale kizingitini nikiitafakari hesabu hiyo. Mimi nilipunguza saa kwa sababu yeye ni Mkongo. Yeye aliongeza saa kwa sababu mimi ni Mkenya. Kila mmoja alikuwa amemsahihisha mwenzake, na masahihisho yalikuwa yanachemka jikoni.

"Tutakula kule, mama. Twende tu."

"Hapana! Unaingia mu nyumba yangu na mukwe wako, kisha mutoke na njaa? Bazungu ya pale chini watasema nini?"

Wazungu wa pale chini hawangesema chochote, lakini nilipogeuka kumtafuta mama mkwe anitetee, alikuwa amekwishavua viatu. Ilibidi kukaa. Chai ikaja. Baadaye ukaja ugali, kisha mboga ya majani ya mihogo. Maharage hayakuiva kwa wakati, kwa hivyo yalifungwa kwenye sufuria kubwa, kifuniko kikakazwa kwa kitambaa, yaje nasi. Sifa alitoka chumbani akiwa na gauni jeupe lenye ngazi tatu na taji la lulu za plastiki, kwa maana mama yake alikuwa ameambiwa "sherehe" na sherehe anaijua. Mwenyewe alivaa kitenge kipya, juu hadi chini, na kilemba kilichohitaji kiti chake peke yake.

"Hii ni Halowini, Mama Sifa. Watu wanavaa vitu vya kuchekesha."

"Wao wavae. Mimi niko na heshima."

Saa sita na dakika ishirini na tano tuliondoka. Sufuria ilienda kwenye buti. Sikutazama ilikowekwa.

Saa saba kasorobo, Saint Louis Park. Wenyeji husema Minnesota ina misimu miwili, baridi na ukarabati wa barabara, na hapa tuliupata mkia wa huo wa pili: njia tatu zikawa moja, na koni za plastiki kilomita kwa kilomita bila mfanyakazi hata mmoja. Tulipita karibu na kazini kwa mke wangu kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Ndipo Sifa akataka choo, na Pendo, ambaye hakutaka, akataka pia.

"Wamekunja kamba?"

"Bado, Pendo."

"Utajuaje?"

Mama mkwe alianza wimbo wa tenzi. Mama Sifa akaingia sauti ya pili, na lazima nikiri kwamba tulivuka mto Minnesota tukiwa tumechelewa lakini tukisikika vizuri.

Saa nane kasoro dakika kumi na tano, kwenye maegesho. Nilifungua buti. Sufuria ilikuwa imekaa juu ya bamba la lori kama kuku anayeatamia. Bamba lilikuwa limepinda, foili imechanika upande mmoja. Pendo alilitazama.

"Ni sawa," akasema. "Ya kweli pia yamegongwagongwa."

Tulitembea. Mimi nilibeba lori, Mama Sifa sufuria kichwani, wazi kabisa, kati ya umati wa mizimu na wachawi waliokuwa wakituangalia sisi. Langoni alikaa mama mmoja mzee wa Kizungu mwenye kofia ya mchawi na tabasamu la mkunga. Alisema samahani, mpenzi wangu, chakula cha nje hakiruhusiwi.

"Ni maharage tu," alisema Mama Sifa, kana kwamba chakula ni kitu kingine.

Niliinyakua sufuria, nikawaambia waingie wanisubiri ndani, nikakimbia. Nimekimbia na wagonjwa kwenye machela, lakini maharage ya moto ni mgonjwa msumbufu zaidi. Nilipofika kwenye gari ndipo nilipokumbuka kwamba tiketi zote zilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu.

Niliporudi, wanne wao walikuwa wamesimama nje palepale. Ilikuwa saa nane na dakika tatu. Ngoma zilikuwa zinalia ndani. Pendo alikuwa ameshavaa lori na kushika vyuma vya uzio kwa mikono miwili, na hakuuliza swali lake.

Lori halikupita kwenye mlango wa kuzunguka. Yule mama wa kofia alitufungulia mlango wa viti vya magurudumu, akatuonyesha kona ya kushoto, tukakimbia: gauni jeupe, kilemba, lori, mama mkwe wa miaka sitini na nane akiwa mbele ya wote. Tulifika konani. Mgongo wa gwaride ulikuwa unatokomea: nyuki, maboga, dinosau mmoja akibebwa na babake. Nyuma kabisa alikuwepo kijana wa bustani mwenye sare na ufagio. Mkononi mwake alikuwa na kamba, na alikuwa anaikunja.

Pendo aliiona. Hakulia. Alisimama tu, bamba lake lililopinda limeelekea chini. Nimeona watu wakipokea majibu mabaya hospitalini, na ndivyo wanavyosimama.

"Pole, dada mdogo," kijana alisema. "Tumeshafunga. Gwaride limepita."

Nilianza kueleza habari za koni. Mama mkwe alinisogeza pembeni kwa kiganja, kitu ambacho kwa mila zetu hakupaswa kunifanyia, akamkabili yule kijana kwa Kiingereza chake cha ualimu wa shule ya msingi, cha pole na kisichokubali mjadala.

"Kijana. Hii ni nini mtoto amevaa?"

"Lori la theluji, mama."

"Katika nchi yenu, lori hili huja kabla ya theluji au baada?"

Kijana alilifikiria kwa uaminifu. "Baada, mama. Baada sana. Mtaani kwetu huja kesho yake."

"Basi hajachelewa. Amefika saa yake."

Yule kijana alimtazama, akamtazama Pendo, akacheka hadi ufagio ukamponyoka. Kisha akaikunjua kamba aliyokuwa amekwisha kuikunja, akaiinua juu.

Pendo aliingia barabarani. Aliinamisha bamba, akaanza kusukuma kilichokuwepo: majani makavu, karatasi za peremende, kikombe kimoja. Alisukuma pembeni, akarudi katikati, akasukuma tena, kwa mwendo uleule wa taratibu wa malori yenyewe, huku akilia kwa mdomo ule mlio yanaofanya yakirudi nyuma. Sifa alienda mbele yake akipunga mkono kama malkia. Watu waliokuwa wanaanza kutawanyika waligeuka. Mwanamume mmoja alipaza sauti, "Hatimaye! Na barabara yetu pia, tafadhali!" na pande zote mbili zikapasuka kwa kicheko na makofi. Hakuna nyuki wala boga aliyepigiwa makofi kama yale. Watu wa Minnesota wanalisubiri lori hilo kila mwaka wakilitukana, na likifika wanalipenda.

Mama Sifa alikuwa amezungukwa na familia tatu zilizoomba kupiga naye picha.

"Baba Pendo, huyu anasema nimeshinda kwa vazi. Nimeshinda nini? Hii ni nguo ya kanisa!" Lakini alikuwa amegeuza kilemba upande wake mzuri.

Saa kumi na mbili kasorobo, maegesho. Baada ya treni ndogo, vikombe vya kuzunguka na foleni ambazo sitazisimulia, tulifungua buti na kula maharage, ambayo sasa yalikuwa yameiva kwa moto wake yenyewe. Gari la jirani lilikuwa na kijana anayejiandaa kwa zamu ya jioni: uso wa kijani, damu kidevuni, jicho moja limetoka. Alikuwa anakula biskuti kavu kutoka kwenye pakiti. Niliona mama mkwe akimtazama, nikajiandaa kwa maombi ya sauti kubwa.

"Wewe," alimwita. "Unaingia shifti na biskuti?"

Shetani wa saa moja jioni alipewa sahani iliyojaa na kuambiwa aketi. Alikula akishika kidevu ili damu isidondokee maharage, akasema asante mara nne. Mama mkwe alimwongezea.

Saa mbili usiku, Blaine. Pendo aliingizwa ndani amelala. Mke wangu, aliyekuwa ametangulia kufika, aliuliza kwa macho tu, nami nikamwonyesha lori.

Ulipokaribia mkesha wa Krismasi kanisani, Mama Sifa alinipigia kuuliza nitampitia saa ngapi. Nikamwambia saa moja, ya kweli. "Ya kweli kabisa?" Nikasema ya kweli kabisa. Nilipofika saa moja, alikuwa anapika.

Theluji kubwa ya kwanza ilianguka siku chache baadaye. Nilipiga koleo tangu alfajiri, na lori la mtaa wetu likapita saa tano, nilipokuwa nimekwisha kufungua njia kwa mikono yangu, likaniwekea ukuta mpya wa theluji mlangoni. Nilikuwa na maneno tayari ya kumwambia dereva. Kabla sijayatoa, mlango ulifunguka nyuma yangu, na Pendo, akiwa na nguo za kulalia na viatu vya mamake, alitoka ngazini akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Dereva alipunguza mwendo na kupiga honi mara mbili.

Nikachomeka koleo kwenye ule ukuta, nikapiga makofi pia.