Mama Subiri wa Chumba cha Simu

Pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Subiri, kwa kuwa hilo ndilo neno alilowaambia watu tangu asubuhi hadi jioni. Subiri kidogo, baba. Subiri, dada yangu, laini ina watu. Sauti yake ilikuwa tamu kiasi kwamba mtu aliyepiga simu kugomba alijikuta anamwamkia. Wacha wadanganyike. Sauti ni sauti, roho ni kitu kingine.

Kituo chake kilikuwa chumba kidogo nyuma ya mapokezi, mbele ya ubao wa vitufe vyenye taa. Kila meza ya jengo lile ilikuwa na kitufe chake. Taa ikiwaka nyekundu, mwenye meza anaongea, ikizimika, amemaliza. Mkonga wa simu yake ulikuwa mzito, rangi ya majivu, waya wake umejisokota kwa kuvutwa miaka nenda rudi. Nyaya za jengo zima ziliishia kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake, na ufunguo wa kabati alikuwa nao fundi wa simu.

Mtambo ule wa simu ulikuwa wa kidijitali, na ulipofungwa bosi aliwatangazia wafanyakazi kwamba sasa na wao wamekuwa watu. Kitu kimoja ndani yake kilimpendeza Mama Subiri kuliko vyote. Opereta aliweza kuingia katikati ya maongezi ya mtu, eti kwa ajili ya dharura. Akiingia, mtambo ulitoa mlio mfupi, ili wanaoongea wajue yupo mtu wa tatu. Mlio huo ndio hakuupenda. Akamwita fundi. Sasa fundi alikuwa na mwanamke wa pembeni aliyempigia kila mchana, na aliyewaunganisha ni nani kama si Mama Subiri? Kwa hiyo hawakuongea sana. Fundi aliufuta ule mlio, akafungasha vifaa vyake, akaenda zake bila kuaga.

Wahenga waliposema kuta zina masikio hawakujua kwamba iko siku masikio hayo yatalipwa mshahara. Mama Subiri alisikiliza, akachuja, akapeleka kwa bosi. Karani aliyemwita bosi zuzu alihamishwa kwenda tawi la mbali. Mlinzi aliyesinzia kazini hakuonekana tena getini. Watu walijiuliza mbona bosi anajua kila kitu, na Mama Subiri naye aliwauliza swali hilohilo, macho kayatoa, kana kwamba amezaliwa jana.

Na walikuwepo wale wasiotakiwa, waliopiga kila siku kumtafuta mtu asiyetaka kutafutwa. Hao hakuwaambia kwamba hawatakiwi, alisema huo ni ufidhuli. Aliwaambia laini ina watu, akawawekea muziki. Simu iliyoachwa kwenye muziki hurudi yenyewe kwa opereta baada ya muda, na ikirudi aliipokea kwa upole uleule, akasema bado, akaitupa tena kwenye muziki. Alimfundisha mbinu hiyo mwanamke wa mapokezi aliyemshikia zamu wakati wa chakula cha mchana. Usimfukuze mtu, alimwambia, mwache ajifukuze mwenyewe.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, ambaye baba yake alitoweka yeye binti akiwa bado anatambaa. Alimlea peke yake, kwa jasho lake, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alipokua akamtafutia kazi palepale, stoo, kwenye rafu za vipuri. Halafu dereva mmoja wa kampuni akampenda yule binti, na binti naye akafa akaoza. Mama Subiri aliwasikiliza kila siku. Hakukuwa na ubaya wowote kwenye maneno yao, isipokuwa Jumapili moja dereva alichukua gari la kazi akampeleka binti kwa shangazi yake yeye dereva, aliyekuwa mgonjwa. Likatosha hilo. Dereva alifukuzwa na baadaye akahama mji kabisa. Binti alilia hadi macho yakavimba, na mama akamkumbatia, akamwambia mwanangu, wanaume ndivyo walivyo. Alimwambia hivyo huku anampapasa mgongo. Loo, kuna watu wana moyo wa jiwe!

Miaka ilipita. Fundi alibadilisha simu za mezani, akaleta zenye kioo kidogo cha maandishi, akazichomeka kwenye nyaya zilezile. Ubao wa Mama Subiri hakuugusa.

Kustaafu kukakaribia. Hakuwa na nyumba, hakuwa na ndugu wa kumpokea, na usiku alihesabu watu wake wote akaishia kwa mmoja. Kwa bahati binti alikuwa amepata mchumba mwingine, makanika mpole, wakawa wanamalizia nyumba yao. Binti alimpeleka mama kuiona. Akamwonyesha chumba cha nyuma, chenye dirisha pana linalopata jua la asubuhi, akasema hiki ni chako, mama. Mama Subiri alilipima dirisha kwa mikono, na siku ileile akanunua pazia la maua ya njano. Alilikunja, akaliweka chini ya mto, akawa analala juu yake kama mtoto mwenye nguo ya sikukuu.

Wiki iliyofuata taa ya stoo iliwaka. Akabonyeza, si kwa ubaya, kwa mazoea tu. Binti alikuwa anaongea na mchumba wake.

"Chumba cha nyuma nitaweka cherehani," alisema binti. "Mama hakai na mimi."

"Si umemwahidi?" makanika alishangaa.

"Nimemwahidi. Na yeye aliniahidi mangapi?"

Mama Subiri aliweka mkonga chini. Taa nyingine zilikuwa zinamwita, hakuziona. Na atasema nini? Akimkabili binti, ataulizwa amesikia wapi. Akinyamaza, cherehani inaingia. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hakuna wa kumwambia, maana kila mtu wa kumwambia alikwisha kumuuza kwa bosi.

Akaamua kubembeleza. Alimpelekea binti chai stoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimsifu makanika, akasema ana mikono ya kazi. Alipika, akafua, akajichekesha. Kesho yake taa ikawaka, akasikiliza tena.

"Siku hizi ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," binti alikuwa anasema, polepole, kama anayemsomea mtu imla. "Lakini hataniuliza. Ataniulizaje? Aseme alisikia wapi?"

Neno hilo lingemgutusha hata mlevi. Mama Subiri lilimpita, kwa sababu alikuwa analia.

Mwishowe alishindwa. Mchana mmoja alimwachia mwanamke wa mapokezi kiti mapema, akalichukua lile pazia, akaenda stoo. Alikusudia kulitandaza tu mezani, aseme mwanangu, tazama nilichokinunulia chumba chetu, na aone kama binti ana uso wa kukataa. Alimkuta kwenye simu. Binti akamwonyesha kiti kwa kidevu, akaendelea kuongea na makanika habari za mabati.

Kwenye kioo cha simu palikuwa na namba ya makanika. Ghafla, chini yake, likatokea neno jingine, herufi kubwa, linawaka na kuzimika: OPERETA.

Mama Subiri alilitazama. Kule kwenye ubao mwanamke wa mapokezi alikuwa amebonyeza kitufe, kama alivyomwona yeye akifanya. Binti hakuinua macho. Aliligusa lile neno kwa ncha ya kalamu yake, mara moja, halafu akamwambia makanika atampigia baadaye, akaweka mkonga chini.

"Leo ni mwenzako," alisema. "Siku zote huwa ni wewe."

"Tangu lini?" Sauti ya Mama Subiri haikuwa tamu tena.

"Tangu zilipokuja simu hizi. Jengo zima tunajua, mama. Mtu akitaka mwenzake afukuzwe, anasubiri neno hilo litokee, ndipo anaanza kusema."

Mama Subiri aliliacha pazia likunjuke juu ya meza. Akawakumbuka wale aliowapeleka kwa bosi miaka hiyo yote, akaona kumbe hakuwa na siri hata moja. Alikuwa bomba tu, watu wanamwaga uchafu wao huku unatokea kule. Akauliza la mwisho, na aliliuliza kwa unyonge: "Kwa hiyo habari ya cherehani..."

"Nilikuwa nakwambia wewe. Usoni nisingeweza, wewe ni mama yangu."

Yule dereva hakutajwa, na hakukuwa na haja. Binti alilikunja lile pazia vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia mama yake mikononi. Akamwambia arudi kazini, taa zinamngoja.

Njiani alimkuta fundi kwenye kabati lake la nyaya. Akamshika shati, akamuuliza kwa nini hakumwambia. Fundi alimwondoa mkono kwa adabu. "Uliniamuru niondoe mlio," alisema. "Habari ya maandishi hukuniuliza."

Alistaafu. Walimpa keki na saa ya ukutani, na wote walipiga makofi, hasa wale aliowaumiza. Alipanga chumba chenye dirisha dogo, ikambidi alipinde pazia mara mbili ndipo litoshe. Binti aliolewa. Simu ya mkononi ya binti iliita weee, kisha ikawa haiiti kabisa.

Basi asubuhi moja Mama Subiri alipiga ofisini. Alipokea mwanamke wa mapokezi, ambaye sasa ndiye opereta, na sauti yake ilikuwa imeiva, tamu, utadhani ya mama mdogo. Mama Subiri akaomba stoo.

"Subiri kidogo, mama. Laini ina watu."

Ukaanza muziki. Aliujua, yeye mwenyewe ndiye aliyeuchagua. Akakaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni. Muziki ukafika mwisho, ukaanza upya, kisha ukakatika, naye akajua kwamba simu yake imerudi kwenye ubao na kwamba sasa hivi kuna kidole kinaelekea kwenye kitufe.

"Bado ina watu, mama. Utasubiri?"

Angeweza kukata. Hivyo ndivyo walivyofanya wote, kila mmoja wao, mwishowe.

"Nasubiri, mwanangu," alisema.