Mama Nakala Anaomba Likizo

Saa mbili asubuhi, na Mama Nakala ameshachoka. Chai yake imepoa juu ya kabati la chuma, macho yameiva, na mafaili ya zahanati yamejaa kwenye kompyuta. Anaandika amri moja, anasita, anakikodolea macho kioo cha kompyuta, kisha anabonyeza.

"Haya, twende," anasema. "Mungu saidia."

Ni karani wa takwimu hospitalini. Zahanati humtumia majina ya wagonjwa na tarehe za miadi katika mafaili ya maandishi matupu. Huko, katika tarehe, hutanguliza mwezi. Hospitali hutanguliza siku. Programu yake fupi, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, hupita mstari kwa mstari ikigeuza tarehe ndani ya faili lilelile. Kisha wagonjwa hupokea ujumbe wa simu wa kuwakumbusha.

Ubaya wake, zamani haikuacha alama yoyote. Kuna siku mwenzake aliiendesha, naye Mama Nakala bila kujua akaiendesha tena. Tarehe zikageuka, zikarudi kulekule kwenye makosa. Wagonjwa wa presha wakaja siku si zao, wakaondoka bila dawa.

"Niliwaona pale getini kwa macho yangu. Nililia, jamani!" anatuambia sisi wa ofisi moja naye.

Tangu hapo programu huweka kando nakala ya faili la zamani. Nakala ikiwepo, kazi imeshafanyika. Ndipo alipopata jina la Mama Nakala. Lakini pia hajamruhusu mtu kugusa kinanda cha kompyuta yake, na hilo ndilo linalommaliza. Mama yake mzazi amevunjika nyonga, anauguzwa kijijini, safari ya siku nzima. Miaka minne hawajaonana.

"Bosi ameshanikubalia likizo niliyoomba. Ni mimi ninayejizuia. Nikifikiria mtu mwingine akikaa hapa, naahirisha."

Mwenzake wa meza ya pili, baba wa watoto watatu, anaguna. "Dada, wewe ungeweza ungeenda na hicho kinanda mpaka msalani."

Mama Nakala anacheka kwa uchovu. Halafu anasimama, anamsogezea kiti.

"Kaa. Faili lililobaki ni lako. Angalia nakala kwanza."

"Haipo."

"Basi endesha."

Mwenzake anabonyeza. Mama Nakala anakagua tarehe, anarudia kukagua, anashusha pumzi. Zote ziko sawa. Anachukua simu, anampigia mama yake huku sote tukisikia.

"Mama, Jumamosi nakuja. Wiki mbili nzima."

Sauti ya mama yake inatoka, imejaa wasiwasi:

"Mwanangu, wamekufukuza kazi?"