Mafuta ya Ndege Kwenye Beseni la Mama Mkwe

Wacheni niseme mapema, ndio mkianza kucheka mjue nilishajicheka kabla yenu: mimi ndiye yule jamaa aliyembeba mama mkwe wake begani kule Kawangware mbele ya wazee wa pande mbili, halafu akamaliza sherehe akiwa amevaa leso ya huyo huyo mama mkwe. Kama ulisikia hadithi hii kwa kinyozi au kwa foleni ya maji ukadhani ni chumvi imeongezwa, pole, haikuongezwa, na kuna mahali walipunguza.

Mimi ni msaidizi wa fundi kwenye karakana ya ndege ndogo, pale uwanja wa ndege karibu na Kibera. Naishi Sarang'ombe, huko huko Kibera, kazini naenda kwa miguu, na majirani huniita Rubani ingawa sijawahi kupanda ndege ikiwa hewani (nimekaa ndani ya nyingi sana, zote zikiwa zimepaki, mimi nikipiga deki). Sasa kazi yetu ina jambo moja ambalo lazima niwaelezee, la sivyo hamtaelewa nilivyojimaliza. Ndege ikiletwa tangi linavuja, mafuta yote yanatolewa kwenye bawa kabla hujagusa kitu, na kwa sababu ni mafuta ghali hayamwagwi, tunayaweka kwenye mitungi, tunafunika, tunaandika yametoka ndege gani, na kazi ikiisha tunayachuja kwa ngozi laini tunayarudisha. Sharti ni mtungi uwe safi, mkavu, na usiwe umewahi kubeba kitu kingine chochote. Mtoto mdogo angeelewa sharti hilo, na mimi nilikuwa nimelielewa miaka mingi.

Jumamosi ya hiyo sherehe nilikuwa na haraka. Mchana watu wangu walikuwa wanaenda kwa kina Nekesa, Kawangware upande wa Satellite, kuomba rasmi nimuoe, na babake, Mzee Barasa, fundi wa mbao asiyecheka ovyo, alikuwa tayari amemkataa mchumba mmoja kabla yangu kwa sababu eti alicheka kwa sauti chai ikiwa mezani. Alichotaka mzee ni mtu mtulivu. Nekesa alinikanya wiki nzima: "Wafula, kaa tu. Usiongee sana, usisimame-simame, na tafadhali usimkaribie mum." Hilo la mwisho hata hakuhitaji kuniambia, kwa maana sisi Waluhya mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali, humpi mkono, humwangalii machoni, akipita kulia wewe unaangalia kushoto.

Basi asubuhi tunatoa mafuta kwenye ndege ya viti vinne, mitungi ikatuishia. Fundi mkuu wetu, Mwaura, akaniambia niende karakana ya jirani nikaazime mmoja. Mimi nikaona huko nitazungushwa, mara stoo imefungwa, mara mwenye funguo ameenda chai, na Kawangware wananingoja. Nikakimbia kwangu nikachukua mtungi niliopewa na Nekesa wa kuwekea maji. Mamake huuza sabuni ya maji, ile ya buluu ya kupimiwa, na huo mtungi ulikuwa wa biashara yake kabla uwe wangu. Nikausuuza mbio mbio (nilisuuza, Mungu anaona), nikarudi, tukajaza.

Mwaura akainama, akanusa, akaniangalia kwa huruma.

"Wafula, hii mafuta inanukia harusi. Hii ilikuwa mtungi ya nini?"

"Ya maji, chief."

"Maji gani inatoa povu? Hii hairudi kwa ndege. Mwaga kwa pipa ya taka, na ukitoka hapo uende ukaoe."

Hapo ndipo ningekuwa nimemaliza hadithi, kama ningekuwa na akili. Lakini nikiwa nimesimama mbele ya lile pipa nikaona uchungu kweli, mafuta mazuri hivyo, yanang'aa buluu kama anga, yamwagwe na mafuta machafu ya injini? Nikamkumbuka Simiyu, kakake Nekesa, mwenye pikipiki ya boda. Nikajiambia, shemeji nikimpelekea petroli ya ndege siku kama hii, si atanitetea mpaka kaburini? Mwaura alipogeuka nikafunga kifuniko chekundu, nikavaa suti, nikapanda boda mpaka Kawangware na mtungi kati ya magoti, nikijiona mtu wa maana sana.

Simiyu hakuwepo, alikuwa ametumwa soda. Nekesa alikuwa amefichwa ndani na shangazi zake. Wazee wangu wakapiga simu kwamba wamefika steji ya matatu na wamepotea, na mimi, kwa ule upole wangu, nikauacha mtungi mlangoni mwa jikoni "kidogo tu" nikaenda kuwachukua. Sasa mlangoni mwa jikoni ya mtu anayeuza sabuni ya maji ya buluu kuna nini kingine? Kuna mitungi. Imejaa kitu cha buluu. Na mimi ninayefunika na kuandika mitungi ya watu kazini kila siku, sikuandika hata herufi.

Tulipangwa kwenye viti vya plastiki uani mwa ploti ya nyumba za kupanga, wazee wao upande ule, wetu upande huu, mimi katikati nikiangalia viatu vyangu kwa heshima. Nyuma kule, karibu na mlango wa jikoni, akina mama wa ploti walikuwa wanapika chapati kwenye jiko la makaa, vitunguu vinakaangwa, harufu tamu mpaka tumbo linaongea. Anko wangu Wanyonyi akasimama kunisifu. Huyo mtu akishika maneno hayaachi.

"Kijana wetu ni mtulivu," akasema. "Mtulivu sana. Huyu hata nyumba ikishika moto, atatoka akitembea."

Mzee Barasa akaitikia kwa kichwa, nikaona ameanza kunikubali, na kwa furaha nikainua macho kidogo tu. Nikamwona mama mkwe ameinama na beseni la sahani, anamimina sabuni kutoka kwenye mtungi wa kifuniko chekundu, hatua chache tu kutoka kwenye jiko. Na sabuni yake ni nzito, hushuka polepole. Hii ilitiririka kama maji. (Mtauliza hakusikia harufu? Mtu aliyekoroga marashi ya sabuni maisha yake yote, pua yake ilishastaafu.)

Sikumbuki kusimama. Wanasema niliruka meza ya soda, mimi nakumbuka tu nikipiga kelele "Mama, wacha! Weka chini!" na yeye, kuona mkwe anamjia mbio huku anamwangalia machoni, akalishikilia beseni kwa nguvu zote kama mtu anayeibiwa. Nikavuta, akavuta. Likamwagika lote kwenye suruali yangu ya suti, na sahani zikatawanyika. Nikamkamata kiunoni, nikamtupa begani, nikakimbia naye kuelekea geti nikipaza sauti, "Ni petroli! Toeni jiko! Tokeni nyote!"

Hapo ndipo mtu angejua nani anapenda uhai. Wazee waliokuja na bakora walizisahau. Simiyu, aliyekuwa anaingia na soda, aliziweka chini akanyakua jiko pamoja na chapati juu yake akatoka nalo kwa mlango wa nyuma, mama mmoja akimfuata na maji. Anko Wanyonyi alinipita getini, na sikujua bado ana mbio hizo. Hakuna kilichoshika moto, asante Mungu, nasema asante Mungu hata leo.

Nikasimama barabarani nikihema, watu wa boda wamejaa, wauza mboga wamesimama. Halafu nikasikia sauti kutoka nyuma ya bega langu, sauti ya heshima kabisa:

"Baba, sasa umenifikisha. Niteremshe."

Jamani. Nilikuwa bado nimembeba.

Nikamteremsha, nikaangalia kushoto haraka haraka kama desturi inavyotaka, kana kwamba hilo lingesaidia kitu. Kabla sijapata pa kuficha uso, Mzee Barasa akapaza sauti, "Toa hiyo suruali, unataka uungue?" na alikuwa na haki, ilikuwa imelowa chapachapa, kwa hivyo nikaivua hapo hapo kando ya barabara, watu wa boda wakipiga mluzi, na mtu akanirushia leso ya maua kutoka kwenye kamba ya nguo. Nilishaifunga kiunoni ndipo nikajua ni ya nani.

Mkutano ukaendelea pale nje, tukiwa tumesimama. Nekesa alikuwa ametoka, mkono mdomoni, sikuweza kujua kama analia au anacheka, na nawaambia ukweli, hapo ndipo niliogopa kuliko nilivyouogopa ule moto. Nilimpenda huyo msichana na niliona ninampoteza nikiwa nimevaa leso.

"Nani ameleta petroli kwangu?" mzee akauliza.

Macho yote yakamgeukia Simiyu, si ndiye wa pikipiki? Ningenyamaza kidogo tu, ingepita hivyo.

"Ni mimi, baba," nikasema, nikaeleza yote, mtungi, sabuni, Mwaura, pipa, mpaka aibu ya kutoandika. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo umetuletea moto, halafu ukatuokoa na huo moto."

"Ndio, baba."

Shangazi mmoja akadakia kwamba kumgusa mama mkwe si mchezo, lazima nimtakase kwa kondoo na blanketi, na hata hivyo hajui kama kuna blanketi la kutosha kufunika mambo ya leo. Wazee wakaanza kunong'onezana. Ndipo mama mkwe, akiwa amenipa kisogo kwa heshima, akamwambia mumewe mbele ya barabara nzima:

"Mzee, miaka hii yote hujawahi kunibeba hata kunivusha mtaro. Huyu amenibeba mpaka lami na sijadondoka. Alete kondoo, alete blanketi, lakini msichana nimempa."

Watu wa boda walipiga honi. Mzee Barasa akajaribu kununa, ikamshinda, akacheka kwa sauti (yeye!) mpaka akashikilia geti, na Nekesa naye akaondoa mkono mdomoni, nikaona alikuwa anacheka tangu mwanzo, msichana huyu.

Jumatatu nilirudisha kazini yaliyobaki mtungini nikayamwaga kwenye pipa la taka, Mwaura akiwa amesimama hapo, na nikaapa: fundi akisema mafuta hayarudi kwa ndege, hayaendi pia kwa shemeji, wala kwa mtu yeyote, na mtungi wowote ninaoushika, hata wa maji ya kunywa, nauandika. Majirani walishaacha kuniita Rubani, sasa ni Ambulensi.

Tumeoana, kondoo alitolewa na blanketi pia, zuri la manyoya. Tukienda kwao nakaa kiti cha mbali, macho chini, mtulivu kabisa. Na kila mara mama mkwe akipita na beseni, bila kuniangalia, ananiambia taratibu:

"Ni maji tu, baba. Kaa."