Swali Nililomjibia Mama Divine

Mwanangu, sogea karibu. Umeniambia wiki ijayo unaanza kazi ya ukalimani kliniki, na nimefurahi, maana Kiingereza chako kimeshanizidi. Lakini kabla hujaanza, ipo siku moja ninayoikumbuka ambayo sijawahi kuisimulia humu nyumbani, na kila nikiikumbuka uso unanishuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitoka Uvira na Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza nikajifunzia hapa hapa kambini Nakivale, na hicho kilitosha kunipa kazi ya kuwasindikiza wagonjwa hadi hospitali moja ya Mbarara. Nilivaa shati jeupe na kalamu mfukoni, watu wakaniita docteur kwa utani, nami sikuwakatalia. Unacheka? Cheka tu, mimi mwenyewe niliutafuta utani ule.

Asubuhi hiyo nilikuwa na Mama Divine, mjane wa Kirundi aliyelima maharage jirani na kwetu, pamoja na binti yake Divine wa miaka tisa. Mtoto yule hakutulia. Darasani aliinuka katikati ya hesabu akaenda kutazama mbuzi nje. Alitumwa maji akarudi na maua, ndoo hajui ameiacha wapi. Majirani walisema ana pepo, wengine walisema mama yake hamchapi. Mama alimchapa, na haikusaidia. Mwalimu alikwisha sema kwamba muhula ujao hatampokea.

Hiyo ilikuwa mara yetu ya tatu kwa daktari, mama mmoja Mnyankole asiye na haraka. Alisema Divine hana pepo wala ukaidi, ila ubongo wake unashindwa kushika jambo moja, na ipo dawa ya kuuchangamsha. Mama Divine akacheka.

"Huyu achangamushwe tena? Mimi nilifikiri mutamupa ya kulala."

Daktari naye alicheka, akaeleza kwamba dawa ile huamsha sehemu ya ubongo inayomsaidia mtoto kujizuia, ndiyo maana akiimeza hutulia. Kisha yakaja maswali. Analala vipi, anakula vipi. Halafu akauliza kama katika ukoo wao yupo mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyekufa ghafla angali kijana.

Nilimtazama Mama Divine. Nikajisemea kwamba nikimuuliza habari za waliokufa atalia hapa mbele ya watu, na foleni huko nje ni ndefu, na jibu lenyewe ninalijua: wafu wetu wote ni wa vita. Nikamgeukia daktari nikasema, hakuna. Sikumuuliza, mwanangu. Mama wa watu alikuwa ananitazama mdomo tu, akingoja swali lake. Daktari akaandika.

Na dawa ilifanya kazi. Kila asubuhi baada ya uji, kidonge kimoja. Haukupita mwezi, Mama Divine akaniita nikamsikilize binti yake akisoma ukurasa mzima bila kuinuka. Chakula cha mchana ndicho kilichomshinda, akakonda kidogo, tukaambiwa ashibe vizuri kabla ya kumeza. Mimi nilitembea Nakivale nzima nikijisifu, utadhani kidonge nilikitengeneza mimi.

Siku ya michezo shuleni, Divine akiwa anakimbia, alianguka kifudifudi na hakuinuka. Walimu walimmwagia maji. Alipofumbua macho tulimpakia kwenye gari la wagonjwa, kichwa chake mapajani mwa mama yake. Tulipofika Kabingo, njiani kwenda Mbarara, mama akasema taratibu, kana kwamba anaongea peke yake, kwamba hivyo ndivyo alivyoanguka baba yake Divine. Alikuwa analima, kijana mzima, akaanguka na jembe lake, hakuamka tena. Watu walisema amerogwa.

Njia nzima nilimwomba Mungu mtoto asife, na sijui kama nilimwomba kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Mbarara walimpima moyo. Daktari akasema mapigo yake yana hitilafu, huenda amezaliwa nayo, na dawa ile huongeza mwendo wa moyo. Kidonge kisimamishwe leo. Mama Divine akaeleza habari za mumewe, nikazitafsiri. Daktari alifungua faili, akaona neno aliloliandika, akakunja uso. Angejua, angempima moyo kwanza. Mwambie, akasema, ilimpasa kutuambia mapema, kuficha kungemuua mtoto.

Nami nikamwambia. Hapo ndipo penye aibu yangu kubwa. Nilimtafsiria mama yule lawama iliyokuwa yangu, neno kwa neno, kwa sauti ya kazi.

Akaniangalia. "Nifiche juu ya nini? Nani aliniuliza?"

Daktari alingoja tafsiri. Ningeweza kusema anaomba radhi, na yote yangeishia pale. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini Divine alikuwa amelala pale kitandani akichezea nyaya za kipimo, nikashindwa. Nikasema kwamba mama anasema hakuulizwa, na ni kweli, niliyejibu ni mimi.

Daktari hakunifokea, na afadhali angenifokea. Nikamgeukia mama nikamweleza yote kwa Kiswahili, na kwamba niliogopa atalia.

"Kulia ningelia," akasema. "Kisha ningejibu."

Akanipa mgongo, akamfunika mwanawe. Nilitoka nje nikalia mimi.

Divine alitibiwa moyo, akaishi. Dawa ile hakurudishiwa, mwalimu akakubali kumketisha mbele na kumpa kazi kidogo kidogo. Mama yake aliendelea kunisalimia njiani, na salamu zile ziliniuma kuliko matusi.

Basi sikiliza, mwanangu. Usiichukie dawa ile, nimeona watoto wengine wakisoma kwa msaada wake hadi wakamaliza shule. Lakini ni dawa ya mtu mmoja aliyepimwa, na tabia yetu ya kugawana kila kitu isiifikie. Asipewe jirani, wala mwanafunzi anayetaka kukesha na vitabu. Na mtoto anayeitumia akizimia, au kifua kikimuuma, apelekwe saa ile ile. Wewe nawe, swali likiulizwa lifikishe, hata liwe la wafu. Jibu likitolewa lirudishe jinsi lilivyo. Mtu akilia, ngoja amalize. Usimjibie mtu kamwe, hata kwa huruma.

Mungu akupe ulimi mwaminifu. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe nguvu ya kusema "ni mimi" kabla mwingine hajalaumiwa mbele yako. Mimi nilichelewa. Wewe akuwahishe.